MTANI GANI HUYU?

Ndugu wananchi, tumenyamaza vya kutosha. Tarehe 28 Mei, 2023, Yanga ilipambana na USM Alger ya Aljeria mjini Dar es Salaam, fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mayele aliposawazisha, barazani petu wapo walioinamisha vichwa. Dakika mbili baadaye wageni wakapata la pili, na watu walewale wakaruka kwa furaha! Je, walikuwa Waaljeria? Hasha! Ni watu wa Simba, wazaliwa wa hapa hapa. Yanga ikaenda Algiers ikashinda 1–0, lakini kombe likabaki huko kwa hesabu ya mabao ya ugenini.

Na watu wa Yanga wasicheke. Mei 2025, Simba ilipofungwa 2–0 na Berkane huko Moroko katika fainali hiyo hiyo, nao walishangilia. Marudiano ya Unguja yakawa 1–1, wakashangilia tena.

Hatuna ugomvi na Waaljeria, ndugu zetu waliomwaga damu mpaka wakajipatia uhuru mwaka 1962. Ugomvi wetu ni na ninyi mnaojitetea kwamba “huu ni utani tu.” Utani upi? Mnyamwezi akifika msibani kwa mtani wake Mzaramo humkebehi marehemu, hulalamikia chakula, huwaudhi wafiwa mpaka wacheke. Lakini kaburi likichimbwa, yeye naye yumo, jembe mkononi.

Ninyi siku ile mlishika jembe gani?