SAFU YA FAMILIA: Mambo Matatu ya Leo

Mwezi huu hatuwaletei hotuba. Tunawaeleza kosa letu wenyewe, halafu tupeane ujanja mdogo uliotusaidia.

Kosa lenyewe ni hili. Msimu wa mvua uliopita ilitangazwa kwa kipaza sauti siku ya kuhakiki majina ya chakula. Nyumbani kwetu tulisikia wote. Baba akasema moyoni, mama atakumbuka. Mama naye akasema, baba atakumbuka. Siku ilipofika, mmoja alikuwa baharini, mwingine yuko foleni ya kliniki na mtoto. Jioni majirani wakatuuliza, "Vipi, mbona leo hatukuwaona?" Tukabaki kutazamana. Mgao wa mwezi ule tuliukosa, tukala kwa deni na kwa huruma ya majirani. Hatuna wa kumlaumu, tangazo tulilisikia.

Basi tukajiuliza: imekuwaje tusahau, sisi ambao kwetu hatukuwahi kusahau bamvua hata moja? Jibu tukalipata. Kule kwetu, iwe Palma, Mocímboa da Praia au Quissanga, kazi zilikuwa zinajikumbusha zenyewe. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, unajua bamvua limefika, maji yatakupwa mbali, vikapu vitolewe watu wakaokote kombe. Kaskazi ikianza kuvuma mwisho wa mwaka, unajua mvua i karibu, jembe linolewe. Adhana inagawa siku. Hapa kambini kazi nyingi hazina mwezi wala upepo. Zina tarehe tu, na tarehe haionekani mbinguni.

Tena kichwa cha mkimbizi kimejaa tayari: nani yuko wapi, nyumba imebakije, tutarudi lini. Ukikiongezea tarehe kumi za kubeba, lazima kitadondosha moja. Si ujinga huo, ni uzito. Dawa yake ni kuutua mzigo, kuutoa kichwani na kuuweka pengine.

Sisi tuliuweka kwenye simu. Mwenye simu ndogo ya tochi asiseme haya hayamhusu. Fungua menyu, tafuta palipoandikwa Lembretes au Calendário, andika neno fupi, weka tarehe na saa. Muda ukifika simu itakulilia. Mwenye simu ya kugusa anaweza kutumia programu ya orodha kama Google Keep au Microsoft To Do. Ukishaiweka, unaandika na kusoma hata kama mtandao haupo. Usitafute yenye mapambo mengi. Inatosha ukiweza kuandika jambo, kuliwekea siku, na kutia alama likiisha.

Haya ndiyo tuliyokubaliana nyumbani:

Kwanza, kila asubuhi tunachagua mambo matatu tu. Tulianza na kumi na mawili, jioni tukawa tumefanya manne na kugombana juu ya yaliyobaki.

Pili, tunaandika kazi pamoja na mwenye kazi. Ukiandika "chanjo" peke yake, kila mtu atamwachia mwenzake. Sisi tunaandika hivi: "Mama, mtoto chanjo ya surua, kadi iko mfuko wa bluu." Hapa Msumbiji chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Ile ya pili ni rahisi kuipitia, kwa sababu mtoto keshaanza kukimbia. Basi siku anapozaliwa, hesabu miezi uandike zote mbili.

Tatu, kengele tunaitega jana yake jioni. Kengele ya asubuhi inakukuta umeshatoka.

Nne, jambo likiisha tunalifuta mbele ya watoto. Anayejua kusoma ndiye msomaji wa bibi na babu, na usishangae akiwa mkali kuliko nyinyi.

Sasa na tahadhari. Simu zetu nyingi ni za kuazimana, na zinaibwa. Usiandike humo namba ya siri ya pesa, wala siku unayopokea fedha. Pia usiiamini simu peke yake. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, mtandao ulikatika, na watu wengi hawakujua ndugu zao wako wapi. Hata programu yenyewe inaweza kufa. Wunderlist ya Ujerumani ilikuwa na watumiaji wengi duniani. Microsoft ikaja kuinunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Kwa hiyo kila Ijumaa tunanakili tarehe kubwa kwenye karatasi, tunaitia ndani ya plastiki pamoja na kadi za chakula na za chanjo. Ikibidi kukimbia, ni kitu kimoja cha kushika.

Mwezi uliopita simu yetu ilizima siku mbili, mawingu yalikuwa mengi na sola haikuchaji. Karatasi ndiyo iliyotuambia kesho ni uhakiki. Tulifika alfajiri, na safari hii jina letu liliitwa tukiwepo.

Wapendwa, simu haichoti maji wala haikati kuni. Kazi ni ile ile na mikono ni yenu. Lakini mzigo ukishautua, hata kichwa kinapata nafasi ya kumkumbuka aliyeko mbali. Hebu jaribuni leo jioni. Kaeni wote, hata mdogo awepo, mtaje mambo matatu ya kesho na mwenye kila jambo. Asiye na simu aanze na kipande cha karatasi.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.