Picha Si Peremende

Mshikaji wangu mmoja wa Makambako, mpiga picha mwenzangu wa pale stendi, amenitangazia msiba. Ati nimekufa kisanii. Kosa langu nini? Nimefunga ukurasa wangu wa mtandaoni wenye wafuasi elfu tatu na ushee, badala yake natoa barua. Ndiyo, barua ya karatasi, kurasa nne, nakala 40. "Wewe umerudi enzi za Mwalimu!" aliniambia, akacheka mpaka wapiga debe wakageuka. Siku ile sikumjibu, na upepo wa Makambako nao haumruhusu mtu kubishana kwa utulivu. Namjibu hapa.

Kwanza nieleze kilichonitoa huko. Julai 2025 nilimpiga picha bibi mmoja anayeuza viazi sokoni Njombe. Ilikuwa asubuhi, na ule ubaridi wetu unaomfanya mtu atoe moshi mdomoni kama treni. Bibi amejitanda blanketi, mikono juu ya jiko la mkaa, anacheka. Picha ilitoka safi. Nikaiweka mtandaoni. Haikupita wiki, ukurasa mmoja wa vichekesho ukaichukua na kuandika chini yake maneno ambayo sitayarudia mbele ya watu wenye heshima zao. Ikasambaa. Nikapeleka malalamiko, nikajibiwa na mashine kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Mjukuu wake akamwonyesha kwenye simu. Nilipopita sokoni bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, uliniuza shilingi ngapi?"

Jamani, ningemjibu nini? Sikulipwa hata senti. Nililipwa mioyo mia sita, ile myekundu ya kubonyeza.

Wapo watakaosema kosa ni la wachekeshaji wale. Kweli, lakini nusu. Mitandao hii inakula matangazo. Kadiri unavyobaki umekodolea skrini, ndivyo wenyewe wanavyouza, na kinachokubakiza ni kichekesho au hasira. Picha ya bibi aliyetulia inamumunywa kama peremende, ganda linatupwa. Wala si siri. Instagram ilianza 2010 kama mahali pa picha. Facebook ikainunua 2012 kwa dola bilioni moja. Juni 2021 mkuu wake, Adam Mosseri, akasema kwa kinywa chake kwamba si programu ya kushirikishana picha tena, akazitaja video. Sisi wapiga picha ndio tumeng'ang'ania viti, kama abiria wa basi ambalo kondakta ameshatangaza linakwenda gereji.

"Lakini watu wako huko," anasema mshikaji. Wako wapi? Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti ikakatwa nchi nzima, na kwa siku kadhaa huyu bwana mwenye wafuasi elfu tisa hakuweza kumfikia hata bwana harusi anayemdai albamu. Hana majina yao, hana anwani zao. Orodha si yake, ni ya mwenye mtandao. Mimi nina daftari la shule. Lina majina 40, na najua nani anakaa Mji Mwema na nani nakala yake inapelekwa Uwemba. Nakala 12 za Makambako hupanda basi, kilometa kama 60, na dereva mmoja husoma kabla hajakabidhi. Najua, maana hurudi na maoni.

Wala sijagundua kitu. Mwaka 1937, chini ya Mwingereza, Erica Fiah, mwenye duka tu pale Dar es Salaam, alianzisha gazeti lake, Kwetu, ili Mwafrika aseme yake. Hakungoja apewe ukurasa na mtu.

Haya, nisijisifu mno. Fotokopi inaua picha. Weusi unakuwa shimo, kijivu chote kinakimbia, na sura ya bibi niliyoihangaikia ilitoka kama mkaa wake. Noma kweli. Nikaamua kila nakala ibandikwe kwa gundi picha moja halisi iliyosafishwa, ukubwa wa postikadi. Nauza Sh 1,500 na mfuko bado unalia. Vidole vyangu vinanuka gundi mpaka kwenye ugali.

Lakini pembeni ya ile picha kuna nusu ukurasa wa maneno: bibi anatoka wapi, gunia analinunua vipi, mguu gani unamsumbua. Nilimsomea kabla sijachapa. Alifuta sentensi moja. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na nikaifuta. Mtandaoni nani angemsomea? Nakala ya kwanza alichukua yeye, akaikunja, akaitia kifuani kwenye kitambaa cha pesa.

Nanyi washairi mnaosoma hapa, msinicheke. Mashairi yenu yamekuwa maelezo ya chini ya picha za kujipiga. Mnapima beti kwa vidole vya watu msiowajua.

Toleo la tatu ni la mafundi mbao wa Makambako. Nimemwomba mshikaji picha moja, maana vumbi la randa analipiga vizuri kuliko mimi, sina aibu kusema. Amesema atafikiria, ila kwanza anataka kujua watu wangapi wataiona. Nimemwambia 40, na mmoja wao ni mama yake.