Kumi na Mbili za Kutoka

Msimu wa juzi niliibiwa magunia mawili ya korosho. Zilikuwa zimeanikwa na kukauka vizuri, zinangoja asubuhi zipelekwe ghala la chama cha msingi cha ushirika. Mwizi hakuwa mgeni. Ni kijana wa kitongoji cha pili, mtoto ambaye mimi mwenyewe nilicheza ngoma siku aliyotoka jandoni. Alikamatwa, akakiri, akafungwa. Siku ya hukumu sikuulizwa kitu zaidi ya idadi ya magunia. Korosho sikurudishiwa hata punje moja. Nikaambiwa haki imetendeka, nenda nyumbani.

Mwaka huu ametoka. Nilimkuta stendi ya Masasi, amesimama pembeni ya magari ya Newala, kandambili moja nyekundu na nyingine ya bluu, karatasi yake ya kuachiwa ameikunja mara nne na kuishika kiganjani kama mtu anayeogopa itapeperuka. Alikuwa na nauli ya kumfikisha nyumbani, basi. Ya kuanzia maisha hana. Akanisalimu akitazama chini: "Shikamoo, baba mdogo." Nikaitikia. Na mkono wangu, bila mimi kuutuma, ukaenda mfukoni kushika simu isiibiwe.

Aliuona mkono ule. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na ndiyo sababu ya makala hii. Nina jambo moja la kusema: gereza linalomtoa mtu akiwa mbaya kuliko lilivyompokea halikumwadhibu mhalifu. Limetuadhibu sisi.

Watu wa Masasi na Newala, Wamakonde, Wamakua, Wayao, hatuhitaji mgeni atufundishe namna ya kumtenga mtu ili abadilike. Kazi hiyo tunaijua kwa vizazi. Mtoto anatolewa mikononi mwa mama yake, anapelekwa porini, anatiwa kisu. Maumivu yapo na hakuna anayeyaficha. Lakini kisu ni cha dakika moja, mafunzo ni ya siku nyingi. Anafunzwa adabu, kazi, ukubwa, namna ya kukaa na watu. Kisha inafika siku ya kutoka. Ananyolewa, anaogeshwa, anapakwa mafuta, anavishwa nguo mpya, anapewa jina jipya, na kijiji kizima kinatoka na ngoma kumpokea. Ole wake atakayemwita tena kwa jina lake la utoto! Hilo ni tusi, na watu wamepigana kwa ajili yake.

Sasa tazama tunachofanya na gereza. Kisu tumekichukua. Mafunzo tumeyaacha. Siku ya kutoka tumeifuta kabisa. Jina jipya analopewa ni moja tu, "mfungwa", na hilo kijiji kinamtunzia mpaka kaburini.

Tusidanganyane kwamba huu ndio utaratibu wetu wa asili. Mjerumani alitutawala kwa mnyororo wa shingoni na hamsa ishirini, vile viboko 25 vya ngozi ya kiboko ambavyo babu zetu walivihesabu kwa migongo yao. Mwingereza akaja kuipanga shughuli iwe na mafaili: mwaka 1931 Magereza yakatenganishwa na Polisi yakawa idara yake yenyewe. Mkoloni hakujenga jela ili kumlea mtu. Aliijenga ili asiyelipa kodi atetemeke, na barabara ipate watu wa kuilima bure.

Kisha tukapata uhuru, na kiboko tukakirithi pamoja na bendera. Mwaka 1963 Bunge letu wenyewe lilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu. Kwa makosa kadhaa ya wizi, mtu afungwe si chini ya miaka miwili na achapwe viboko 24: 12 siku ya kuingia, 12 siku ya kutoka. Wananchi wakazitungia fimbo hizo maneno, na wazee bado wanayakumbuka. Zile kumi na mbili za kutoka, walisema, ni za kwenda kumwonyesha mkeo.

Isome tena sheria hiyo polepole. Taifa changa lilikaa chini, likafikiri limpe nini mtu anayerudi kwa mkewe na wanawe, likaamua kumpa makovu. Je, wizi uliisha? Sheria ya mwaka 1972 iliyochukua nafasi ya ile iliviondoa viboko. Mwaka 1989 vikarudishwa. Dawa inayoponya haibadilishwi hivyo. Anayebadilisha dawa kila mara ni mganga aliyeona mgonjwa haponi na hataki kukiri.

Najua watakaonikatiza kwa methali: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sawa kabisa. Basi ulimwengu ufunze! Wahenga hawakusema "hupondwa na ulimwengu". Walisema hufunzwa. Ukimfungia kijana wa magunia mawili chumba kimoja na mzoefu wa unyang'anyi, ukamlaza ubavu kwa ubavu naye mwaka mzima, hapo umempatia mwalimu, na mwalimu huyo anafanya kazi yake usiku na mchana bila mshahara.

Julai 2018, akimwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza Phaustine Kasike, Rais John Magufuli alisema ni aibu kwa nchi kuendelea kuwalisha wafungwa. Wafanye kazi, wajilishe. Wengi walishangilia. Mimi kazi siipingi. Aliyekula jasho la mwenzake naye atoe lake. Lakini kuna kazi ya kumchosha mtu na kuna kazi ya kumfunza mtu. Kijana wa uwanda huu wetu wa Newala ameshika jembe tangu ana miaka saba. Ukimrudishia jembe lile lile kwenye shamba la gereza miaka miwili, atatoka na sugu alizoingia nazo. Mfunze kubebesha miche ya mikorosho. Mfunze kupogolea, kupuliza salfa kwa kipimo, kubangua. Tuna kituo cha utafiti cha Naliendele hapo Mtwara, kinachojua mkorosho kuliko karibu kila mtu Afrika. Korosho zetu nyingi bado zinasafirishwa na maganda yake, ajira ya kubangua inakwenda India na Vietnam, huku nguvu za vijana wetu zikiozea ndani. Mtu akitoka gereza la Lilungu au la Masasi na cheti cha ufundi kisicho na muhuri wa gereza, ana kitu cha kumwonyesha mkewe. Hicho ndicho cha kumwonyesha!

Wenzetu wa Zanzibar waliliacha hata neno gereza. Wanasema Chuo cha Mafunzo, na aliyemo ndani anaitwa mwanafunzi. Jina peke yake halimlishi wala halimfunzi mtu. Lakini jina ni ahadi, na ahadi inadaiwa. Huku Bara neno urekebu, yaani kumrekebisha mfungwa, tunalo, linatajwa katika kila hotuba. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo huo ripoti ikakabidhiwa. Karatasi hazijawahi kutupungukia.

Na hata sheria hazijatupungukia. Mwaka 2002, Benjamin Mkapa akiwa Ikulu, mtoto wa Lupaso hapa hapa Masasi, nchi ilipata Sheria ya Huduma kwa Jamii. Inamruhusu hakimu, kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kumwacha mkosaji alale kwake na kumpa kazi ya umma bila malipo. Fikiria. Newala maji ni kilio cha miaka yote. Kinamama wanajua uzito wa ndoo ya kupanda nayo kutoka bondeni. Kijana aliyeniibia angechimba shimo la tangi la maji ya mvua kwenye shule ya msingi, mchana kweupe, mbele ya watu wanaomjua. Angeona aibu, na aibu ya mbele ya wazee huku kwetu ni adhabu kali. Lakini jioni angerudi kwa mama yake, na tangi lingebaki. Kwa njia tuliyoichagua, nini kimebaki? Magunia yangu hayapo, na mwaka mzima kodi yangu imemlisha aliyeyachukua.

Na sisemi habari ya mahabusu, watu ambao bado hawajahukumiwa lakini wanakula ugali ule ule na kulala sakafu ile ile. Katiba yetu, Ibara ya 13(6), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Wala sisemi habari ya kiongozi wa chama cha msingi anayekula malipo ya wakulima wa kata nzima kisha akaonekana anapita na pikipiki mpya. Mwizi wa magunia mawili ana karandinga. Mwizi wa maghala ana udhuru.

Mtaniuliza: na mbakaji? Na muuaji? Swali la haki, nami silikwepi. Wapo watu ambao lazima mlango ufungwe nyuma yao, tena kwa muda mrefu, ili watoto wetu wawe salama. Mbakaji anafungwa si chini ya miaka 30, na mimi siombi apunguziwe hata siku moja. Lakini kunyang'anywa miaka 30 ya uhuru ndiyo adhabu yenyewe. Mahakama haikuongeza chawa, njaa na matusi kwenye hukumu. Na hata huyo, akiishi, siku moja atatoka. Atatoka awe jirani ya nani? Jirani yangu. Jirani yako.

Wengine mtasema: raia mwema wa Newala ananunua maji kwa ndoo na kulala kwenye mkeka, leo unataka mfungwa apewe godoro na mwalimu? Uchungu huo naufahamu, ninaishi ndani yake. Lakini niambie, mfungwa akinyimwa godoro, wewe unapata maji? Shida ya raia mwema tuidai kwa waliopewa dhamana ya kuiondoa. Tukiilipiza kwa aliyefungwa, tutaendelea kuwa na kiu, na juu ya kiu tutakuwa na wezi.

Kwa hiyo nadai, na sinong'oni. Mheshimiwa hakimu, fungua ile Sheria ya 2002 kabla hujaandika neno kifungo. Halmashauri za Masasi na Newala, mna mikopo ya asilimia kumi kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kijana aliyetumikia kifungo chake bado ni kijana, msimkate jina kwenye orodha. Askari wa magereza wanaotaka kufundisha wapewe vifaa vya kufundishia, maana bila hivyo watabaki kushika funguo tu. Masheikh na mapadri, mnawatembelea wafungwa sikukuu, Mungu awalipe. Sasa wangojeeni getini siku wanapotoka, maana ndiyo siku ngumu kuliko zote. Na wazee wangu wa uwanda, mliotufundisha kumpokea mtu kwa ngoma, mbona kwa hawa mmenyamaza?

Viboko 12 vya kutoka hatujaviacha. Tumeongeza mkono tu. Hata askari asipovichapa, tunavichapa sisi: mlango unaofungwa, kibarua anachonyimwa, mkono unaokimbilia simu stendi.

Mimi nimeanza na langu. Msimu huu nina mistari miwili ya mikorosho upande wa bondeni ambayo miguu yangu haiiwezi tena. Wiki iliyopita nilikwenda kwao nikamkuta nyuma ya nyumba, amechuchumaa anachonga mpini. Nilimwita kwa jina alilopewa siku ile ya ngoma. Hakugeuka. Nadhani hakutegemea kuna mtu bado analikumbuka.

Nikaliita mara ya pili.