Miale Isiyo Miale

Kila tunapoambiwa kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi, sisi wanafunzi wa lugha hukimbilia kuorodhesha istilahi. Kwa maoni yangu tunajitetea vibaya. Neno laweza kuwapo na bado likampotosha msomaji, iwapo aliyelitunga hakuifahamu dhana yenyewe.

Tuchukue mfano wa kile kiitwacho "miale ya kosmiki". Jina hilo lilienezwa na Mmarekani Robert Millikan katika miaka ya 1920, naye aliamini kuwa ni mionzi kama ile ya gama. Vipimo vya Arthur Compton katika miaka ya 1930 vilidhihirisha kwamba wingi wake hubadilika kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, kwa kuwa sumaku ya dunia huipinda njia yake. Kumbe ni chembe zenye chaji! Kiingereza kimebaki na jina lile kwa mazoea. Sisi tunaotafsiri leo tuna sababu gani ya kurithi kosa la wenyewe?

Chembe ya aina hiyo inapogonga hewa huzaa nyingine, nazo huzaa nyingine, hadi mabilioni yakateremka pamoja. Mtafsiri mvivu ataandika "manyunyu". Mimi nasema "mporomoko". Chembe hizo huisisimua naitrojeni ya hewani, nayo ikatoa nuru hafifu ya urujuanimno. Nuru hiyo tusiiite mwako, maana hakuna kiunguacho. Ni mmemeto, kama vile kimulimuli amemetavyo.

Huko Malargüe, nchini Argentina, Kituo cha Pierre Auger kina darubini 27 zinazoutazama mmemeto huo, juu ya matangi ya maji zaidi ya 1,600 yaliyotawanywa katika kilomita 3,000 za mraba. Darubini hizo zahitaji usiku usio na mbalamwezi wala mawingu, yaani takribani asilimia 15 tu ya muda wote. Subira hiyo ina malipo: katika jimbo la Utah, Marekani, tarehe 15 Oktoba 1991, darubini za Fly's Eye zilinasa mporomoko wa chembe moja, ndogo kuliko atomi, iliyokuwa na nishati ya kuinua mzigo wa kilo 5 hadi kimo cha mita 1.

Atakayelalamika kwamba "mporomoko" humkumbusha maporomoko ya ardhi, namkubalia. Alete neno lake, ila kwanza atueleze ni nini kinachoporomoka.