Majibu ya Wodini Yasiyosimama

Ndugu wanaomuuguza mzee mwenye demensia hospitalini huuliza maswali yanayofanana, na majibu wanayopewa nayo yanafanana. Mengi hutolewa kwa nia njema. Tuyapime.

*"Ni uzee tu."* Hili ndilo la hatari kuliko yote. Auguste Deter, mgonjwa ambaye kwake Alois Alzheimer alianza kuutambua ugonjwa unaobeba jina lake, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Tena ugonjwa huo hunyemelea kwa miezi na miaka. Mzee aliyelazwa Jumatatu akiwatambua wajukuu, Jumatano akawa anagombana na ukuta, au amelala tu haamshiki vizuri, hakuzeeka kwa siku mbili. Hapo limeingia jambo jipya: kuchanganyikiwa kwa ghafla, ambako madaktari hukuita deliriamu, na mara nyingi chanzo chake kinatibika. Huenda ni maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji, kufunga choo, mpira wa mkojo unaomkera, au dawa mpya. Hata promethazini, iliyozoeleka kwa kichefuchefu, inaweza kumvuruga. Daktari wa zamu aliyemkuta leo atajuaje kwamba juzi alikuwa anajimudu? Binti anaposema "mama hakuwa hivi", hiyo ni taarifa ya kitabibu. Iandikwe kwenye faili.

*"Hana maumivu, angesema."* Kwa maneno yapi? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba wagonjwa waliovunjika nyonga wenye demensia kali walipewa kama theluthi moja ya dawa za jamii ya mofini walizopewa wenzao wenye akili timamu. Mfupa ni ule ule. Tangu 2003 kipo kipimo kiitwacho PAINAD: unatazama pumzi, sauti, uso, mwili, na kama mgonjwa anabembelezeka. Hakihitaji mashine.

*"Tumemfunga mikono, tukamchoma sindano, kwa usalama wake."* Hapa wana nusu ya hoja, maana anayeng'oa dripu anajiumiza. Lakini kumfunga huzidisha hofu, na sindano ina gharama yake. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mwaka 2005 kwamba dawa mpya za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Mwaka 2008 ikaziongeza za zamani, haloperidoli ikiwemo. Ikilazimu, iwe dozi ndogo, kwa muda mfupi, na ndugu waambiwe kabla, si baada ya kumkuta hainuki.

*"Saa ya kuona wagonjwa imekwisha."* Kwa umati, sawa. Kwa yule mmoja ambaye mzee anaitambua sauti yake, hapana. Huko Uingereza, John Gerrard alilazwa kwa vidonda vya miguu, ndugu wakazuiwa kumwona kwa sababu ya mlipuko wa maambukizi, akatoka akiwa hawezi kutembea wala kujilisha. Alifariki Novemba 2014, na binti yake, mwandishi Nicci Gerrard, pamoja na Julia Jones wakaanzisha kampeni ya kutaka wauguzaji wa nyumbani waruhusiwe kubaki. Hospitali nyingi za huko zimekubali. Hapa kwetu ndugu ndio wanaoleta uji, wanaofua mashuka, wanaotumwa dawa duka la nje; ajabu ni kwamba hao hao hufukuzwa mlangoni.

*"Amekataa kula."* Sahani iliyowekwa asikoifikia, na meno ya bandia yamo kabatini, haihesabiki kuwa kukataa.

Ndugu nao wana lao: *"manesi wa siku hizi hawana huruma."* Nesi aliyeachiwa wodi nzima usiku hawezi kukisia kwamba bibi huyu Kiswahili kimempotea, amebaki na Kisukuma cha utotoni. Mwandikieni karatasi: jina analoitikia, lugha, dawa anazotumia, kinachomtuliza. Kisha mteueni msemaji mmoja, badala ya watu sita kuuliza swali lile lile kwa zamu.