Mkubwa Naye Bado Ni Mtoto

Mtoto wa miaka 2 aliyepata mdogo wake huenda akarudia tabia alizokwisha kuziacha, kama vile kukojoa kitandani au kudai kubebwa, hali inayoweza kuitwa urejeo, yaani kurudi nyuma kwa muda katika ukuaji, ambayo dawa yake ni kumpa nafasi na wala si kumkaripia. Nafasi hiyo yaweza kuwa kazi ndogo za nyumbani: Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza huko Roma mwaka 1907, alizithamini kazi halisi za nyumbani kama njia ya kujifunza. Kwa hiyo, katika siku 40 za uzazi, mama anaponyonyesha, mkubwa anaweza kuketi kando yake mkekani akioanisha sufuria na vifuniko, akikunja nepi za kitambaa, au akihamisha magunzi kutoka kikapu hadi kikapu huku mama akimhesabia kwa sauti. Kazi hizo hukuza msamiati pamoja na stadi za misuli midogo, yaani uwezo wa vidole kushika na kugeuza vitu. Hata hivyo, maharage, vifungo na shanga viepukwe kabla ya miaka 3, kwa kuwa huweza kumkaba kooni.