Fundi Akikisia, Mwenye Gari Ndiye Alipaye

Si jambo geni, katika barabara itokayo Kaplong kupitia Bomet na Longisa hadi Narok, kuona gari limesimama kando ya njia, boneti wazi, mvuke ukifuka. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi gari hilo limetoka gereji juzi tu, na mwenyewe ana risiti mfukoni.

Wengi wa wenye magari haya ni waalimu na wakulima wa majani chai walionunua kwa mkopo wa chama cha akiba. Magari yenyewe hutoka Japani yakiwa yametumika, na sheria ya Kenya huruhusu yaingie hadi umri wa miaka minane. Mkopo haujalipwa nusu, injini inachemka.

Hoja yangu ni hii: kuchemka kwa injini ni dalili, wala si ugonjwa. Daktari hampasui mgonjwa kwa sababu tu ana homa, hupima kwanza. Lakini katika gereji nyingi kipimo ni kubadilisha vipuri mpaka kimojawapo kiafiki.

Mimi mwenyewe yalinipata. Gereji ya muuzaji wa gari langu ilibadilisha pampu ya maji, kisha feni, kisha rejeta, na kila mara nikalipa. Joto halikupungua. Fundi mwingine alipima shinikizo la maji kwa dakika chache, akaona kizibo cha rejeta kimelegea. Kizibo ndicho kilichokuwa kifaa cha bei nafuu kuliko vyote.

Mwanafunzi wa Fizikia anaweza kueleza sababu yake. Pwani maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Huku kwetu, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takriban nyuzijoto 94. Kizibo hufungia shinikizo ndani ya rejeta, na hivyo kukipandisha kiwango hicho kupita 110. Kikilegea, maji huweza kuchemka injini ikizidi kidogo tu joto lake la kawaida la kazi, ambalo ni karibu nyuzijoto 90. Rejeta mpya yenye kizibo kibovu haisaidii kitu.

Wapo pia mafundi wanaoing'oa themostati wakidai ni kifaa cha nchi za baridi. Dai hilo halina msingi. Themostati huiwezesha injini kufikia joto lake la kazi na kudumu humo. Kuing'oa ni kuficha dalili na kuongeza matumizi ya petroli. Hatimaye kichwa cha silinda hupinda, gasketi huungua, na oili huchanganyika na maji ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo gharama hukaribia bei ya injini nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sisemi kwamba mafundi wote ni walaghai. Wengi hawana vifaa vya kupimia, na wenye magari nao hujaza maji ya mto, yenye chumvi na udongo, badala ya kulanti inayozuia kutu. Hata hivyo, ukosefu wa kifaa hauhalalishi kumtoza mteja gharama ya kubahatisha.

Sheria ipo. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, na ya kulipwa fidia anapopata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayataja matengenezo ya magari waziwazi: mteja apewe makadirio ya gharama kabla ya kazi, na arudishiwe vipuri vilivyotolewa.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuacha funguo gereji, dai makadirio kwa maandishi, uliza ni kipimo gani kilichofanywa, kisha chukua kipuri chako cha zamani. Nanyi waalimu, somo la shinikizo na kuchemka lifundishwe mbele ya rejeta iliyopoa. Mwanafunzi atakayelielewa leo hatauziwa pampu asiyoihitaji kesho.